Unga wa Kondoo wa Ng'washi

Chuo cha Mifugo, Morogoro
9 Juni 1996

Mama mdogo Nyamizi,

Mzigo huu ameubeba Hilari, mhudumu wa treni ya Mpanda, na nimemwambia asimkabidhi mtu mwingine yeyote ila wewe. Hesabu mbele yake kabla hajaondoka. Ni pakiti kumi na mbili za karatasi ya kaki, na kila moja nimeitia sahihi yangu pale ilipobandikwa. Ukikuta iliyofunguliwa, niandikie.

Ndani mna unga wa kijivu. Si dawa ya minyoo. Ni vimeng'enya. Hata tumboni mwako vimo, ndivyo vinavyovunjavunja chakula mpaka mwili uweze kukitumia. Mwana-kondoo anayeanza kuacha ziwa tumbo lake ni changa, na hayo majani makavu na pumba anazokula, nusu inatoka kama ilivyoingia. Mwalimu wetu hapa anawaongezea vimeng'enya kwenye chakula, na wanaopewa wananenepa kuliko wenzao wanaokula pumba tupu. Nimewaona kwa macho yangu. Nikamwomba pakiti hizi kwa ajili ya wana-kondoo sita wa mayu.

Sababu unaijua. Mwaka jana tulipomaliza kumzika mayu, wana-kondoo wa nyumba yake walikufa saba kati ya tisa. Baba akasema, mbele yangu na mbele yako, kwamba kiangazi hiki wakishindwa tena, kondoo wote wa mayu wataingizwa kwenye kundi lako, na alama yake ya mapengo mawili kwenye sikio haitakatwa tena. Mimi ni mtoto wake pekee. Alama ile ikiisha, hapo Mwamkulu hakuna kitakachoonyesha kwamba Ng'washi aliwahi kuishi.

Kazi yenyewe ni ndogo. Kila asubuhi chukua bakuli moja la pumba za mahindi kwa kila mwana-kondoo, lowesha kwa maji baridi, tia kijiko kimoja cha chai cha unga kwa wote sita, koroga, acha mpaka umalize kukamua, ndipo uwape. Maji ya moto hapana, yanaua vimeng'enya. Pakiti moja ni ya wiki moja. Pakiti tupu mpe Hilari anirudishie, zote. Hiyo kamba yenye mafundo ni ya kupima kifua, nyuma ya miguu ya mbele. Kila Jumapili uandike ni mafundo mangapi.

Wape hao sita tu. Wako usiwape.

Msomee baba barua hii yote.

Nashon Malale


Mwamkulu, Mpanda
24 Juni 1996

Mwanangu Nashon,

Hilari amefika. Alisimama mlangoni kama karani wa sensa mpaka nikamaliza kuhesabu. Ziko kumi na mbili, hakuna iliyofunguliwa. Sahihi nimeziona, siku hizi umejua kuuzungusha mkia wa hiyo N. Naona pia mama yako bado ni mayu, kwa Kisukuma chetu cha nyumbani, na mimi ni mama mdogo, kwa Kiswahili cha ofisini. Haya, nimezoea.

Baba yako nimemsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza hivyo vimeng'enya ni wadudu au ni kitu gani. Nikamwambia sijui. Akasema yeye hagusi unga usio na jina, akatoka zake na mifugo.

Na kweli, Nashon, mbona hauna jina? Dawa ya josho ina jina, ina picha ya ng'ombe, ina hata fuvu la kututisha. Huu wako ni karatasi na sahihi. Ukileta balaa nitawaonyesha watu nini? Tena wapewe sita tu, wangu wasiguswe. Mtu akiniuliza kwa nini, nimjibu nini? Nimeusoma mstari ule mara tatu, na kila mara naona una jambo ndani yake.

Lakini lililo kubwa ni lile unalolijua na unajifanya umelisahau. Katika mji wa baba yako mke hatii kitu kinywani mwa mifugo ya mke mwenzake. Si maji, si hata chumvi. Mama yako ndiye aliyenifundisha, wiki niliyoolewa, tumesimama zizini. Alicheka akasema, "Nyamizi, siku mnyama wangu akifia mikononi mwako tutakuwa na kazi ya kuwaeleza watu mpaka tuzeeke." Miaka kumi na mmoja hakuwanywesha wangu, wala mimi wake. Na kufa kwake hakukuniondolea mwiko huo, kumeuzidisha. Hapa kisimani wanasema kondoo wa marehemu wanamfuata mwenyewe, na yuko anayewasindikiza. Hawataji jina. Wananyamaza tu nikifika na ndoo yangu.

Anayelisha mifugo ya nyumba ni mwenye nyumba au mtoto wake. Njoo basi, hata kwa siku mbili. Wape mara ya kwanza kwa mkono wako, baba yako akiona. Baada ya hapo nitaendelea, maana nitakuwa nafuata mkono wako. Nakuomba.

Mama yako mdogo,
Nyamizi


Chuo cha Mifugo, Morogoro
4 Julai 1996

Mama mdogo,

Barua yako nimeipata na imenisikitisha. Nauli si tatizo, tatizo ni ruhusa. Hatutoki hapa mpaka mitihani iishe katikati ya Novemba, na wakati huo kiangazi kimekwisha na kondoo nao wamekwisha. Hilo unalijua. Unaniomba kitu ambacho unajua hakiwezekani, halafu nikishindwa utasema niliitwa nikakataa.

Huo mwiko nilimsimulia mwalimu wangu. Alicheka mpaka akavua miwani. Mwana-kondoo hajui bakuli limeshikwa na mke mkubwa au mke mdogo. Umesoma mpaka darasa la saba, wewe ndiye msomaji pekee katika mji ule, na bado unaniletea habari za kisimani?

Tusizungushane. Kila mtu Mwamkulu anajua kondoo wa mayu wakiisha wataingia kundi la nani. Kama hutaki kuwapa unga, sema hutaki, nijue. Kama utawapa, anza kesho. Siku zinakwenda.

Nashon


Mwamkulu
9 Agosti 1996

Nashon,

Unga unatumika. Nilianza tarehe kumi na mbili mwezi wa saba, asubuhi, baada ya kukamua kama ulivyosema. Pakiti tupu anakuletea Hilari. Vipimo vya kamba, Jumapili ya mwisho, ni mafundo kumi na tisa, kumi na nane, kumi na tisa, ishirini, kumi na nane. Wanaokula wanaongezeka mwili, siwezi kukataa. Mkia umeanza kujaa mafuta, na kinyesi sasa ni laini wala hakina makapi ya pumba.

Baba yako anakusalimu. Macho yanamsumbua na hili vumbi.

Bado nasema ungekuja.

Nyamizi


Chuo cha Mifugo, Morogoro
22 Agosti 1996

Mama mdogo,

Nashukuru kwa vipimo. Kama ni vya kweli, ni vizuri kuliko vya hapa chuoni, na hapo ndipo ninapoanza kujiuliza.

Kwanza, umenirudishia pakiti mbili. Wiki nne ni pakiti nne. Hizo nyingine ziko wapi? Pili, wana-kondoo ni sita, wewe umeandika vipimo vitano. Nimeigeuza karatasi huku na huku nikidhani cha sita umekiandika nyuma. Tatu, yuko yule mwenye paji jeupe aliyezaliwa na mguu mbovu. Huyo siwezi kumsahau, maana mayu ndiye aliyemlea mama yake kwa chupa. Ana mafundo mangapi? Nitajie huyo peke yake.

Hayo ni maswali matatu tu. Mtu anayefanya kazi kwa moyo safi atayajibu kwa mistari mitatu.

Nashon


Mwamkulu
8 Septemba 1996

Nashon,

Mistari yako mitatu hii hapa.

Kijiko kizima na bakuli zima ni vingi, natumia nusu, kwa hiyo pakiti moja inakwenda wiki mbili. Hizi hapa mbili nyingine tupu.

Nilipima waliokuwepo.

Wa paji jeupe yuko hai. Anatembea. Usiniulize mmoja mmoja, njoo uwaone.

Nimeongeza mstari wa nne. Juzi katekista Evarist alipita hapa kunywa maji, akaniuliza unasomea udaktari wa mifugo au upelelezi. Nikamwambia bado hujachagua.

Nyamizi


Chuo cha Mifugo, Morogoro
29 Septemba 1996

Baba yangu mpendwa, Mzee Malale,

Shikamoo baba. Najua barua hii atakusomea mama mdogo, kwa kuwa hapo nyumbani hakuna mwingine anayejua kusoma. Ndiyo maana nakala yake, neno kwa neno, nimempelekea katekista Evarist na kumwomba aje akae nayo mkononi wakati unasomewa. Akiruka neno atajulikana. Na wawepo baba wadogo wote wawili.

Baba, Leonidas mnunuzi wa karanga na kondoo alikuwa hapa Morogoro wiki iliyopita, akanitafuta chuoni. Nilimuuliza habari za kondoo. Alisema wana-kondoo wa Nyamizi wamenenepa kama magunia, mkia unaburuzika. Nikamuuliza, na wa marehemu je? Akainama. Akasema wale unahesabu mbavu ukiwa barabarani. Alama za masikio anazijua, amewanunua kwako miaka mingi, na hana ugomvi na mtu.

Unga niliomwomba mwalimu wangu kwa ajili ya kondoo wa mayu, Nyamizi amewapa kondoo wake. Miezi yote hii amekuwa akiniandikia vipimo vya kondoo wake huku akiniacha niamini ni vya mayu. Niliandika kwa mkono wangu, "wako usiwape". Alikusomea mstari ule? Huenda aliuruka. Mangapi mengine ameyaruka, baba, miaka yote aliyokusomea?

Mtu anayeweza kukaa akiwatazama wanyama wa marehemu wakikonda, bakuli la kuwaponya liko mkononi mwake, anaweza na mengine. Nilinyamaza mwaka jana kwa sababu ya msiba. Leo nauliza. Ule uji mayu aliokuwa akinywa wiki zake za mwisho, alikuwa akiupika nani?

Naomba kondoo wa mayu wasiingizwe kwenye kundi la mtu huyo. Afadhali wagawiwe majirani.

Mwanao,
Nashon


Kigango cha Mwamkulu
20 Oktoba 1996

Kijana wangu Nashon,

Tumsifu Yesu Kristo. Uliniomba shahidi, nami nimekuwa shahidi, ingawa ningejua kilichomo kwenye barua yako ningekukatalia. Nitakuandikia nilichokiona, bila kuongeza wala kupunguza.

Tulikaa uani Jumapili baada ya ibada. Baba yako kwenye kigoda, baba zako wadogo kwenye mkeka, mimi kwenye kiti chao cha mgeni. Nyamizi alikuja akifuta mikono kwenye kanga, akapokea bahasha, akaifungua. Mimi nakala yako nilikuwa nayo magotini, kidole kwenye mstari wa kwanza.

Alisoma yote, Nashon. Alisoma habari ya Leonidas, akasoma mbavu, akasoma mkia unaoburuzika. Mahali ulipoandika "akiruka neno atajulikana", alisoma hivyo hivyo. Alipofika kwenye uji alisimama kidogo. Nikadhani sasa ataruka, na nasema kweli, niliomba moyoni aruke. Akavuta pumzi, akasoma, "Ule uji mayu aliokuwa akinywa wiki zake za mwisho, alikuwa akiupika nani?" Akaenda mpaka kwenye jina lako. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Kidole changu hakikukosa neno hata moja.

Kisha akaikunja barua, akamuuliza baba yako, "Kuna jibu niandike?" Mzee Malale alikuwa anatazama chini. Hakusema kitu. Baba zako wadogo nao hawakusema. Na mimi, Mungu anisamehe, nilibaki nakunja nakala yako vipande vinne.

Asubuhi yake alipanda lori la mpunga kwenda Majimoto kwa kaka yake Lyamba. Hakuchukua kitu isipokuwa nguo zake. Kabla hajapanda alinipitia kigangoni akanipa mfuko wa nailoni, akasema ni mali yako, nikutunzie. Ndani mna pakiti tano za kaki hazijafunguliwa na moja imefunguliwa nusu. Sahihi zako zote ziko salama. Akasema, "Hizi zinamsubiri mwenye mkono."

Wana-kondoo sita wa mama yako wote wako hai. Wamekonda, hilo ni kweli. Baba yako ameanza kuulizia mvua.

Barua zako mbili alizokuja nazo Hilari juzi nimeziona dirishani kwa Mzee Malale, hazijafunguliwa. Nilijitolea kumsomea. Alikataa.

Evarist, katekista


Majimoto, Mpimbwe
3 Novemba 1996

Nashon,

Barua uliyoniandikia kupitia kwa Lyamba imenifikia. Unauliza maana ya pakiti tano. Nitakueleza mara moja tu, na nina hasira, kwa hiyo usitegemee nipambe.

Uliponiambia nianze kesho, sikulala vizuri siku tatu nzima. Nikisema sitoi, ninataka kondoo wa mama yako wafe. Nikitoa na mmoja akafa, nimewaua. Huku na huku ni mimi. Basi nikachagua wana-kondoo sita wa kwangu, wa umri ule ule, nikawapa wao kwanza, kama ulivyoandika, bakuli zima na kijiko kizima. Siku ya nne mmoja akavimba tumbo, akalala, hakuamka. Nilimzika mwenyewe nyuma ya banda kabla baba yako hajarudi. Ndiyo maana vipimo vilikuwa vitano. Wewe uligeuza karatasi kumtafuta wa sita, na mimi nilikuwa nimemtia udongoni.

Sasa kaa ufikiri. Angekuwa na mapengo mawili sikioni, mimi leo ningekuwa wapi? Sidhani kama ningepata nafasi ya kupanda lori.

Nilitaka kukitupa chooni hicho kiunga chako. Lakini nilikuwa nimewatazama wale watano, nikaona wanataka kuishi. Nikaanza upya. Pumba ukufi mmoja, unga ncha ya kijiko. Siku ya tatu nikaongeza kidogo, na wiki ya pili kidogo tena, mpaka nikafika nusu bakuli na nusu kijiko. Hapo wakanenepa. Unga wako ni mzuri, Nashon. Maelezo yako ndiyo yaliyokuwa mabaya.

Utauliza mbona sikukwambia. Ningekwambia nimewapa wangu ungeandika nini? Ungeandika ile ile uliyoandika, mapema zaidi. Niliona nikunyamazie uje ukamilishe wewe, kwa sababu sasa ilikuwa inajulikana unga hauui. Nilikuwa nimekuwekea nusu ya unga. Kila barua nilikwambia njoo. Hukusikia hata moja, ulikuwa unahesabu pakiti.

Na uji. Uji nilipika mimi. Alikuwa hawezi kumeza kitu kingine. Siku ya kwanza nilipomletea bakuli, mama yako aliwaita majirani wawili waingie ndani, akaniambia mbele yao, "Nyamizi, onja kwanza." Mimi nikakasirika, nikadhani ananishuku baada ya miaka yote ile. Walipotoka akanishika mkono akasema, "Sikushuku. Nikifa watakushuku wao. Onja kila siku mbele ya mtu, ili uwe na mashahidi." Nikaonja kila siku, asubuhi na jioni, mpaka siku alipokataa kijiko cha mwisho. Mashahidi wapo, wanatafutika, lakini wewe hukuuliza mtu. Nilichowafanyia kondoo wake ndicho alichonifundisha yeye kitandani. Wangu waonje kwanza.

Umeniandikia samahani. Nimeiona, iko mwisho, imebanwa pembeni kama mtu anayeomba kupita. Siitaki hiyo. Ulinishtaki mbele ya mume wangu na shemeji zangu na kanisa, tena ukanifanya nijishtaki kwa mdomo wangu mwenyewe. Halafu samahani unaniletea mimi peke yangu, huku Majimoto, niisome nikiwa nimekaa kwenye gunia la mpunga la kaka yangu. Nani ataisikia?

Wala sikuondoka kwa sababu ya barua yako. Wewe ni kijana, uko mbali, na una uchungu wa mama. Niliondoka kwa sababu nilipomaliza kusoma nilingoja mtu mmoja aseme neno moja, na hakuna aliyesema.

Kama una la kusema mwandikie baba yako.

Nyamizi


Chuo cha Mifugo, Morogoro
16 Novemba 1996

Baba yangu Mzee Malale,

Shikamoo baba.

Juu ya bahasha nimeandika kwa herufi kubwa, na katekista Evarist nimemwomba akwambie maneno hayo tu halafu anyamaze: HAISOMWI NA MTU MWINGINE ILA NYAMIZI. Kwa hiyo kama unayasikia haya, umekwenda Majimoto kumchukua, au umetuma mtu, naye amekubali. Nashukuru. Kama hamjakaa uani, mkae. Baba wadogo wawepo wote wawili, na katekista kwenye kiti kile kile.

Msomaji, usiruke neno.

Baba, niliandika kwamba Nyamizi aliwapa kondoo wake unga wa mayu. Ni kweli aliwapa. Aliwapa kwa sababu mwiko wa mji wetu ulimkataza kuwagusa wa mayu, na kwa sababu niliupeleka unga bila jina na bila akili. Nilimwambia aanze na bakuli zima. Mwalimu alitufundisha kuanza kidogo kidogo, tumbo lizoee pumba, mimi nikasahau kuliandika hilo. Mwana-kondoo mmoja wa Nyamizi alikufa kwa kosa langu. Kamzika nyuma ya banda na hakumwambia mtu. Nendeni mkaone.

Niliuliza ni nani aliyepika uji. Nilikuwa nalijua jibu, na niliuliza ili liwaume. Sikujua kwamba aliuonja kila siku mbele ya majirani, na kwamba mayu mwenyewe ndiye aliyemtaka aonje. Majirani wapo, muwaulize. Nimeandika uongo kwa kutumia swali. Naona aibu, na naisema aibu hiyo mbele ya watu walewale waliosikia lile swali.

Nilisema huenda anaruka maneno anapokusomea. Alikusomea hata yale yaliyomuumiza. Kati yetu sisi tunaojua kusoma, mkweli alikuwa mmoja.

Mitihani imeisha. Napanda treni Jumanne ya kwanza ya Desemba, ili barua hii itangulie. Ijumaa asubuhi nitakuwa zizini, nitawapa wana-kondoo wa mayu kwa mkono wangu, pumba ukufi mmoja na unga ncha ya kijiko, na wewe utaona. Mara ya pili atatoa Nyamizi. Wakipona, alama ya mapengo mawili naomba aikate yeye, maana hakuna mtu mwingine aliyeilinda. Wasipopona, basi waingie kundini mwake, na mimi nitakuwa nimeridhika kuwaona huko.

Jambo la mwisho, baba, ni lako. Barua ile ilipokwisha kusomwa, msomaji alikungoja useme neno ukatazama chini. Hii nayo sasa inakwisha.

Mayu Nyamizi, kunja karatasi. Usiulize kama kuna jibu. Kaa tu, umtazame, mpaka aseme.

Mwanenu,
Nashon